Mizani ya Masikio

Usiku wa Jumapili, tarehe 25 Agosti, 2024, kuamkia Jumatatu, kituo cha redio cha WCBS cha jijini New York kilisoma habari zake za mwisho. Kituo hicho kilisikika kwenye masafa ya kati, yale yaitwayo AM, katika namba 880. Kwa miaka 57 kasoro siku mbili kazi yake kuu ilikuwa kusoma habari, huku hali ya hewa na hali ya barabara zikisomwa kila baada ya dakika kumi. Kulipopambazuka, namba ile ile ilikuwa ikizungumzia michezo chini ya jina jingine.

Kila kituo cha redio kinapobadili sura namna hii, maelezo yanayotolewa huwa yale yale, kwamba nyakati zimebadilika na wasikilizaji wamehama. Maelezo hayo huja pamoja na takwimu, na takwimu ina tabia ya kufunga midomo ya watu. Nani atabishana na hesabu? Mimi nadhani tunapaswa kubishana nayo, au angalau kuiuliza maswali machache, kwa maana hesabu ya wasikilizaji ni mizani kama mizani nyingine yoyote. Ina mwenye kuishika, ina mwenye kuilipia, na ina vitu isivyoweza kuvipima kabisa. Historia ya masafa ya kati ya New York inatuonyesha kwamba kituo kinaweza kubadilishwa na mkono wa aina tatu: masikio ya watu, mizani yenyewe, au mwenye mali. Mikono hii mitatu huvaa glavu moja, ndiyo maana ni vigumu kuitofautisha.

Kwanza tuitazame mizani. Nchini Marekani kazi ya kuhesabu wasikilizaji wa redio ilikuwa kwa miaka mingi mikononi mwa kampuni ya Arbitron, hadi iliponunuliwa na Nielsen mwaka 2013. Namba zinazotolewa ni za aina mbili kubwa. Ya kwanza huuliza: katika watu wote wa jiji, wangapi walisikiliza kituo hiki? Ya pili huuliza: katika wale waliokuwa wanasikiliza redio wakati huo, kituo hiki kilipata fungu gani? Hii ya pili ndiyo hupendwa zaidi kutangazwa, na ndiyo inayowapotosha wengi. Kituo kinaweza kuongeza fungu lake huku wasikilizaji wake wakipungua, mradi wa jirani wapungue zaidi.

Kisha kuna suala la umri. Wenye bidhaa za kutangaza hawanunui masikio yote kwa bei moja. Kwa miaka mingi soko kubwa la matangazo limekuwa la watu wa miaka 25 hadi 54. Mtu akitimiza miaka 55 haachi kusikiliza redio, wala haachi kununua dawa ya meno, lakini katika meza ya mnunuzi wa matangazo anaanza kufifia kama picha iliyoanikwa juani. Masafa ya kati, ambayo wasikilizaji wake wengi ni watu wazima, yameumia sana kwa kanuni hii. Kituo kinaweza kuwa na umati wa wasikilizaji na bado kikaitwa maskini.

Sasa tuone mikono hiyo mitatu ikifanya kazi. Wa kwanza, mkono wa masikio, ulionekana wazi katika kisa cha WABC, namba 770. Kituo hiki kilianza kupiga nyimbo zinazopendwa na vijana mwezi Desemba 1960, na katika miaka ya sitini na sabini kilikuwa miongoni mwa vituo vilivyosikilizwa zaidi Marekani nzima. Mtambo wake wa kilowati 50 ulisikika usiku katika majimbo mengi, kwa sababu mawimbi ya AM yakishaingia giza hupanda angani na kurudi ardhini mbali sana na yalikotoka. Wapinzani walisalimu amri mmoja baada ya mwingine: WINS, namba 1010, iliacha muziki mwaka 1965, na WMCA, namba 570, ikafuata mwaka 1970.

Rick Sklar, aliyekuwa akipanga vipindi vya WABC katika miaka hiyo ya ushindi, aliijua siri ya namba kuliko wengine. Alifuatilia mauzo ya sahani madukani, akapunguza orodha ya nyimbo mpaka ikabaki fupi mno, na wimbo ulioshika nafasi ya kwanza ulirudiwa kila baada ya saa moja na kidogo. Kwa mtu aliyesikiliza dakika ishirini akielekea kazini, hayo yalikuwa maajabu, maana alisikia kipenzi chake karibu kila siku. Kwa aliyesikiliza mchana kutwa, ilikuwa ni kulishwa ugali kwa ugali. Hapa sharti tuseme kweli. Wengi wanaoilia WABC ya zamani husahau kwamba ilikuwa mtoto halisi wa mizani. Ilichobahatika nacho ni watangazaji kama Dan Ingram na Ron Lundy, watu waliojaza nafasi ndogo iliyobaki kati ya nyimbo kwa ucheshi na uchangamfu ambao orodha haikuweza kuuamuru.

Ikaja FM. Mawimbi yake hayafiki mbali, lakini ni safi, hayana mikwaruzo ya radi na mashine, na yanabeba muziki kwa spika mbili. Serikali nayo ilisaidia bila ya kukusudia sana. Tume ya Mawasiliano ya Shirikisho ilikataza vituo vya FM vya miji mikubwa kurudia tu matangazo ya ndugu zao wa AM siku nzima, na kuanzia mwaka 1967 wenye vituo wakalazimika kuipa FM maisha yake yenyewe. Tarehe 24 Julai, 1978, kituo kidogo cha WKTU, kwenye 92.3 FM, kiliacha nyimbo za polepole kikaanza kupiga disko. Hadi mwaka ule unakwisha kilikuwa kimeipiku WABC. Tarehe 10 Mei, 1982, saa sita mchana, WABC ikapiga wimbo wake wa mwisho na kugeuka kituo cha mazungumzo.

Wako wanaoiita siku ile siku ya msiba. Mimi nasema mizani siku ile ilisema kweli. Masikio yalikuwa yamehama kwa sababu ambayo hata mtoto angeieleza: muziki ulisikika vizuri zaidi upande wa pili. Huwezi kumlaumu mteja kwa kuacha maji ya tope akafuata ya bomba.

Baada ya hapo masafa ya kati yalipaswa kujiuliza: ni kitu gani sisi tunaweza kukifanya kisichohitaji usafi wa sauti? Jibu likawa neno la mtu. WINS ilikuwa imelitambua mapema, tarehe 19 Aprili, 1965, ilipoanza kusoma habari tupu na kuahidi kumpa msikilizaji dunia nzima kwa dakika 22. WCBS ikaiga tarehe 28 Agosti, 1967. Siku moja kabla ya kuanza, ndege ndogo iligonga mnara wake na kuuangusha, hivyo kituo kile cha habari za AM kikazaliwa kwenye mitambo ya FM ya kampuni hiyo hiyo. Tarehe 1 Julai, 1987 ikaja WFAN, kituo cha kwanza kuzungumzia michezo saa 24, na Oktoba 1988 ikahamia namba 660, mahali pa WNBC ya zamani.

WFAN inastahili kutazamwa kwa makini. Walioicheka walikuwa wengi, na katika orodha ya jumla ya jiji haikuwa ya kutisha. Lakini wasikilizaji wake walikuwa wanaume wa umri ule ule unaotafutwa na wauza magari na bia, nayo ikawa miongoni mwa vituo vya redio vilivyoingiza fedha nyingi zaidi za matangazo Marekani. Fungu dogo, mfuko mnene. Kisa hiki peke yake kinatosha kuvunja imani kwamba orodha ya wasikilizaji ni kura ya wananchi. Katika kura kila mtu ana karatasi moja, bali katika redio ya biashara wengine wana karatasi kumi na wengine hawana hata moja.

Mkono wa pili ni wa mizani yenyewe. Zamani Arbitron iliwapa watu waliochaguliwa daftari dogo la juma moja, waandike walichosikiliza. Mtu huandika anachokumbuka, na anachokumbuka ni jina analolipenda. Kituo chenye jina kubwa kilivuna hata pale ambapo redio ilikuwa imezimwa. Kisha kikaja kifaa cha kuvaliwa kiunoni, ambacho hunasa alama iliyofichwa ndani ya matangazo, alama ambayo sikio la binadamu haliisikii. Kifaa hakina mapenzi, kinaandika kila kilicho karibu, hata redio ya kinyozi ambayo hukuichagua wewe.

Kifaa hicho kilipokuwa kinaingizwa New York mwaka 2008, vituo vilivyowahudumia watu weusi na wasemaji wa Kihispania viliona namba zao zikiporomoka. Watu hawakuwa wamehama jiji. Swali likawa: ni nani waliopewa vifaa, na wangapi kati yao walikuwa vijana weusi, au watu wasio na simu ya waya nyumbani? Mwanasheria Mkuu wa jimbo la New York aliishtaki Arbitron mwezi Oktoba 2008, na shauri likaisha kwa mapatano mwezi Januari 2009, kampuni ikikubali kurekebisha jinsi inavyowachagua watu wake. Miongoni mwa waliokuwa na haki ya kuhofu ni Inner City, kampuni iliyoanzishwa na Percy Sutton na wenzake, ambayo katika mwanzo wa miaka ya sabini iliichukua WLIB, namba 1190, na kuifanya kituo cha kwanza cha jiji lile kumilikiwa na watu weusi. Kwa kituo cha namna hiyo pointi moja ni mshahara wa mtangazaji, na mtangazaji huyo pengine ndiye peke yake anayejua jina la mtaa wako.

Mizani hiyo imeendelea kurekebishwa. Mwaka 2015, baada ya malalamiko kwamba alama iliyofichwa hainaswi sawasawa katika sauti za aina zote, Nielsen iliiongezea nguvu. Na mwanzoni mwa mwaka 2025 kanuni nyingine ilibadilika. Kabla ya hapo msikilizaji alihesabiwa katika robo saa iwapo amesikiliza angalau dakika tano, na sasa dakika tatu zinatosha. Jedwali likanenepa. Masikio yalikuwa yale yale, redio zile zile, lakini wasikilizaji wakaonekana wameongezeka. Ukimwona mwuza nyama amebadili jiwe la mizani halafu akakwambia ng'ombe amekua, utacheka. Katika redio tunapiga makofi. Sisemi kwamba kanuni mpya ni ya uongo, huenda ni nzuri kuliko ya zamani. Ninachosema ni kwamba kituo kilichofungwa chini ya kanuni ya dakika tano hakiwezi kurudi kudai dakika zake.

Hapo msomaji wangu atanikatiza na kuuliza: je, ungependa redio isiyohesabu? Swali ni la haki, na sisi watu wa Tanzania tuna jibu lake kutoka nyumbani. Tuliolelewa na redio moja ya taifa, kabla ya Radio One kuanza kusikika Dar es Salaam mwaka 1994, tunajua raha na karaha ya redio ambayo haimhesabu mtu. Raha yake ni kwamba mkulima wa kijijini asiyenunua chochote alipewa kipindi chake sawa na karani wa mjini. Karaha yake ni kwamba ukichoshwa na hotuba hukuwa na njia ya kumwambia mtu yeyote isipokuwa kuzima, na kuzima kwako hakukuandikwa popote. Redio isiyohesabu humsikiliza bwana mmoja. Kwa hiyo siitaki mizani itupwe. Nataka isomwe kama mizani, isisomwe kama msahafu.

Nao mkono wa tatu ndio ninaouona katika kifo cha WCBS. WINS na WCBS zilikuwa mahasimu kwa karibu miaka thelathini, na uhasimu huo uliwanufaisha wakazi wa New York. Moja ikichelewa kufika kwenye moto, nyingine ilikuwa imekwisha fika. WINS ilikuwa ya haraka, yenye mlio wa mashine ya teleksi nyuma ya msomaji. WCBS ilizungumza kwa utulivu zaidi, na ilipenda kumwacha mwandishi amalize sentensi. Lakini mwaka 1995 Westinghouse, wenye WINS, waliinunua CBS, na mahasimu wakajikuta chini ya paa moja. Mwaka uliofuata sheria mpya ya mawasiliano ililegeza mipaka ya idadi ya vituo ambavyo kampuni moja inaweza kumiliki, na kutoka hapo mali ilizidi kukusanyika. Mwaka 2017 vituo vyote viwili vikaangukia kwa kampuni iliyokuja kujiita Audacy, na Januari 2024 kampuni hiyo, ikiwa imeelemewa na madeni, ikaenda mahakamani kuomba kinga ya mufilisi.

Fahali wawili hawakai zizi moja, hasa zizi lenyewe likiwa linadaiwa. Mwaka 2022 WINS ilipewa namba ya FM pamoja na ile yake ya AM. Namba gani? Ni 92.3, ile ile ambayo disko yake iliipiku WABC mwaka 1978. WCBS, iliyozaliwa kwenye FM kwa ajali, haikupewa FM alipohitajiwa mrithi. Ikabaki na AM peke yake, katika jiji ambalo majengo ya chuma, taa na mashine zinaimeza sauti yake kila hatua. Mwishoni masafa ya 880 yalikabidhiwa kampuni nyingine iliyotaka mahali pa kuweka matangazo ya michezo ya ESPN. Bado kulikuwa na watu wengi waliokuwa wanasikiliza. Walichokuwa hawana ni nafasi katika hesabu za nyumba yenye watoto wawili na sahani moja.

Mwenye mali ana haki ya kuamua juu ya mali yake, nami sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni na maelezo. Kukiita kitendo cha mwenye mali uamuzi wa wasikilizaji ni kuwasingizia watu walioamka asubuhi wakakuta sauti waliyoizoea haipo.

Tena kuna jambo moja ambalo hakuna mizani ya juma wala ya robo saa iliyowahi kulipima. Asubuhi ya Jumanne, tarehe 11 Septemba, 2001, antena za televisheni na za vituo kadhaa vya FM zilizokuwa juu ya jengo la World Trade Center zilianguka pamoja na jengo. Kituo cha umma cha WNYC kilipoteza FM yake, lakini AM yake, yenye mtambo mahali pengine, iliendelea. Tarehe 14 Agosti, 2003 umeme ulikatika jiji zima na sehemu kubwa ya kaskazini-mashariki. Watu walikaa kwenye ngazi za nyumba na ndani ya magari, wakisikiliza redio za betri wajue kama warudi nyumbani kwa miguu. Mizani ya wasikilizaji hupima siku za kawaida, nazo siku za kawaida ndizo nyingi. Bima nayo, ukiipima kwa siku za kawaida, ni hasara tupu.

WINS bado ipo, na msikilizaji wa New York hajaachwa gizani. Lakini ana chombo kimoja cha habari za saa 24 hewani pale ambapo alikuwa na viwili, na chombo kimoja hakina wa kukisahihisha kikikosea. Safari nyingine tutakapoambiwa kwamba kituo fulani kimekufa kwa sababu wasikilizaji wamehama, tuulize kwanza nani aliwahesabu, kwa kanuni ya dakika ngapi, watu wa umri gani waliachwa nje, na nani alikuwa na deni la kulipa mwezi ule.